Hisabati isiyotapanyika: mwongozo wa kupanga mafunzo ya Gredi ya 1 hadi ya 9 shuleni mwenu

Andika 1/2 + 1/3 ubaoni katika darasa la Gredi ya 6, kisha pita katikati ya madawati. Utakuta 2/5 daftari baada ya daftari: ya juu imejumlishwa na ya juu, ya chini na ya chini. Lawama itamwangukia mwalimu wa Gredi ya 6, ingawa kosa lenyewe lilizaliwa miaka mitatu nyuma, mtoto alipokuwa akipaka rangi robo na thuluthi za duara bila kuonyeshwa hata siku moja kwamba akisami ni nambari yenye mahali pake, sawa na 5 au 12. Muulize: ulikuwa na nusu, ukaongeza kitu, mbona umebaki na kitu kidogo kuliko nusu? Akikutazama bila kushtuka, basi kwake 2/5 si kiasi cha kitu chochote. Ni tarakimu mbili na mstari.

Makosa ya aina hiyo hayatibiwi na masomo ya ziada ya Jumamosi. Yanatibiwa na mpango wa shule nzima: walimu wa Gredi ya 1 hadi ya 9 kukubaliana ni mambo gani machache yatabeba mzigo kila mwaka, na kila jambo litaanzia wapi na kuishia wapi. Mwongozo huu ni wa mkuu wa paneli ya hisabati, naibu wa masomo, au mwalimu yeyote aliyechoka kufundisha upya kilichofundishwa mwaka jana. Gharama yake ni fotokopi, karatasi za manila na alasiri chache.

Kwanza tukubaliane tunachoweza kubadilisha

Mtaala wa Umilisi hutungwa na KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, pale Desai Road, na hakuna shule yenye ruhusa ya kufuta mada. Hilo liko wazi, na afisa wa ubora akija atataka kuona kila kitu kimefundishwa. Ila kuna vitu vinne vilivyo mikononi mwenu: muda unaoipa kila mada, mpangilio wa mada ndani ya mwaka, jinsi mada moja inavyoshikanishwa na nyingine, na picha na maneno mnayotumia ubaoni. Shule nyingi huviacha vyote vinne kwa kitabu cha kiada au kwa maazimio ya kazi yaliyopakuliwa kwenye simu. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu maazimio mengi ya kupakua huenda kama matatu inayosimama kila steji kwa dakika zilezile, iwe pana abiria au hapana.

Muundo wa mtaala wenyewe hupendekeza idadi ya vipindi kwa kila mada ndogo. Ni mapendekezo. Soma, heshimu, kisha pima na watoto ulio nao.

Anza na madaftari, si na mkutano

Kabla hujaita mtu, chukua madaftari matatu ya hisabati kutoka kila darasa: la mtoto anayefanya vizuri, la wa katikati, na la anayesuasua. Kaa nayo ukiwa na karatasi. Kwa kila daftari andika mada kwa tarehe zake: zilichukua siku ngapi, maswali yalikuwa ya namna gani, na zilirudi lini tena.

Rekodi ya kazi itakuambia kilichopangwa. Daftari litakuambia kilichotokea. Mara nyingi utakuta kuzidisha kwa tarakimu mbili kulipewa siku tatu kwa kuwa michezo ya zoni iliingilia, huku kutaja majina ya maumbo kukipewa wiki mbili kwa sababu ni kazi nyepesi na watoto hupenda kuchora. Hakuna mwalimu aliyekusudia hivyo. Ndivyo muda unavyoyoyoma usipolindwa.

Karatasi hizo usizitumie kumpima mwalimu yeyote. Neno likienea kwamba unakagua watu, madaftari ya muhula ujao yataletwa yakiwa yamepambwa, na hutajua kitu tena.

Chora jedwali la miaka tisa

Pakua miundo ya hisabati ya Gredi ya 1 hadi ya 9 kutoka tovuti ya KICD. Hakikisha ni ile iliyopunguzwa na kupangwa upya mwaka 2024, maana matoleo ya awali bado yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Gundisha manila mbili, uweke madarasa tisa juu na mada ndogo ubavuni: nambari nzima, kuzidisha, kugawanya, akisami, desimali, urefu, eneo, ujazo, muda, pesa, maumbo, pembe, takwimu, aljebra na nyinginezo. Weka alama pale kila mada inapojitokeza.

Sasa itazame kwa mbali. Mada nyingi zitaonekana karibu kila mwaka. Hii si kasoro ya Kenya peke yake. Utafiti wa kimataifa wa TIMSS wa mwaka 1995 ulipolinganisha mitaala ya nchi mbalimbali, William Schmidt na wenzake wa Michigan State University walionyesha kwamba Marekani ilifundisha mada nyingi mno kila darasa na kuzirudia mwaka baada ya mwaka bila kina. Nchi zilizoongoza zilianza na mada chache, zikazikamilisha, ndipo zikaingiza mpya. Mwaka 2006 baraza la kitaifa la walimu wa hisabati la Marekani, NCTM, likatoa mwongozo wa mada kuu tatu tu kwa kila darasa, kuanzia chekechea hadi darasa la nane, na viwango vya pamoja vya majimbo vya mwaka 2010 vikajengwa juu ya wazo hilohilo. Hatuhitaji kuiga mtaala wao. Tunachohitaji ni kuuliza swali walilojiuliza.

Kwenye kila kisanduku chenye alama, mwalimu wa darasa hilo aandike sentensi moja inayoanza na "Kipya mwaka huu ni…". Kwa mfano, katika akisami: "Kipya mwaka huu ni kwamba akisami mbili zenye sura tofauti zinaweza kuwa nambari moja." Hiyo inatosha. Lakini akiandika "Kipya mwaka huu ni nambari kubwa zaidi", mbane kidogo. Kupanda kutoka maelfu hadi malaki si wazo jipya ikiwa mtoto alielewa thamani ya nafasi. Ni siku chache za mazoezi. Na ikiwa hakuielewa, malaki hayatamsaidia.

Visanduku vitakavyokosa sentensi ndivyo akiba yako ya muda. Usivifute, vipunguze.

Chagua mihimili mitatu kwa kila darasa

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo ubishi utakapozuka. Ruhusu ubishi. Mada inastahili kuwa mhimili ikiwa bila hiyo mada za miaka miwili mitatu ijayo zinaporomoka. Kupendwa na watoto, kuulizwa sana mitihanini, au kujaza kurasa nyingi kitabuni si sifa.

Mimi ningependekeza hivi, nanyi mrekebishe kulingana na muundo na watoto wenu. Gredi ya 1 na ya 2: kuunda na kuvunja nambari hadi 10 kisha 20, makumi na mamoja, na uhusiano wa kujumlisha na kutoa. Gredi ya 3: maana ya kuzidisha na kugawanya, thamani ya nafasi hadi mamia na zaidi, na akisami kama sehemu sawa za kitu kimoja. Gredi ya 4: kuzidisha na kugawanya kwa nambari kubwa, eneo, na akisami kwenye mstari wa nambari. Gredi ya 5 na ya 6: akisami zilizo sawa na hesabu zake, desimali kama mwendelezo wa thamani ya nafasi, na kuchagua njia ya kutatua mafumbo ya hatua mbili au tatu. Gredi ya 7 na ya 8: uwiano na asilimia, nambari chini ya sifuri, milinganyo. Gredi ya 9: uhusiano wa mstari mnyoofu kati ya vitu viwili, ufanano wa maumbo, na aljebra iliyokomaa.

Mtu atauliza, takwimu ziko wapi? Muda uko wapi? Pesa? Zipo, ila hazisimami peke yake. Tutazifikia.

Gawa vipindi kwa kalamu mkononi

Chukua muhula wa wiki 13. Ondoa wiki ya kwanza, ya kupokea watoto na karo, na ya mwisho, ya mitihani. Zimebaki 11. Kwa vipindi 5 kwa wiki, hivyo ni 55. Toa 5 vya mapumziko ya katikati ya muhula, michezo na siku za wazazi. Una 50, na katika msingi wa juu kila kimoja ni dakika 35 tu, ambazo chache huliwa na kukusanya madaftari.

Mgao wa kawaida ungesema: mada ndogo 10, basi vipindi 5 kila moja. Badala yake, weka 32 kwa mihimili, 12 kwa mada zinazoshikizwa kwenye mihimili, na uache 6 bila jina. Hivyo 6 si vya starehe. Ni vya kurudi pale darasa litakapokwama, na litakwama. Maazimio ya kazi yasiyo na nafasi wazi huwa yamepitwa na wakati kufikia wiki ya nne, na mwalimu hubaki akiyakimbiza hadi muhula uishe.

Mihimili pia isikatwekatwe. Vipindi 12 vya akisami vikifuatana vina nguvu kuliko 4 mwezi Januari, 4 Mei na 4 Septemba. Baada ya kundi hilo, akisami ziendelee kuonekana katika maswali mawili ya kufungulia kipindi, ili zisisahaulike.

Jambo dogo kuhusu vitabu: mada zenu zikifuata mpangilio tofauti na wa kitabu cha kiada, andika nambari za kurasa pembeni mwa maazimio ya kazi. Kitabu kinaweza kuanzia ukurasa wa 40. Hakuna sheria inayokataza.

Shikiza mada ndogo kwenye mihimili

Mada iliyoshikizwa hufundishwa yote, ila kazi yake ya pili ni kutumikisha mhimili. Grafu ya nguzo ambayo kila mraba mmoja unawakilisha watu 5 ni zoezi la kuzidisha na kugawanya. Iweke mara baada ya mhimili huo, na mtoto ahesabu magari yanayopita lango la shule. Muda ni mahali pazuri pa akisami: dakika 45 ni robo tatu ya saa, na dakika 20 ni thuluthi. Pesa na urefu ziende na desimali.

Desimali na urefu nitazikazia kidogo. Uliza darasa la Gredi ya 5 ipi kubwa kati ya 3.4 na 3.12. Wengi watasema 3.12, kwa sababu 12 inazidi 4. Ukieleza kwa maneno utachoka. Toa futi ya fundi nguo, ile ya utepe. Mita 3 na nukta 4 ni sentimita 340. Mita 3 na nukta 12 ni sentimita 312. Watoto wawili wapime sakafuni, waweke chaki kwenye kila alama. Mabishano yanaishia hapo, na mada mbili zimefundishwa katika kipindi kimoja.

Eneo nalo ni ndugu wa kuzidisha. Chora mstatili wa 13 kwa 14 kwenye karatasi yenye miraba. Kata upande mmoja kuwa 10 na 3, mwingine 10 na 4. Una vipande vinne: 100, 40, 30 na 12. Jumla ni 182. Mtoto wa Gredi ya 4 ameona kwa nini kuzidisha kwa tarakimu mbili kunahitaji mistari ile ya kati ambayo wengi huikariri tu. Mwachie picha hiyo. Aljebra itakapofika, na mabano (x + 3)(x + 4) yakawa yanamtisha, chora mstatili uleule: x mraba, 4x, 3x na 12. Akiweka 10 mahali pa x anarudi kwenye 182 aliyoijua. Mwalimu wa sekondari msingi hawezi kufanya hivyo ikiwa hajui kwamba mwenzake wa Gredi ya 4 aliutumia mstatili huo, na hilo linatuleta kwenye jambo ambalo shule nyingi hulikwepa.

Kubalianeni picha moja na maneno mamoja

Tangu Gredi ya 7 ilipoanza mwaka 2023, walimu wa msingi na wa sekondari msingi wako ndani ya ua mmoja. Mara nyingi hawako katika ofisi moja, na sitaingia katika mvutano wa nani anamwongoza nani. Kwa hisabati, bahati ni kubwa: aliyemfundisha mtoto kugawanya anaweza kufikiwa kwa kuvuka uwanja. Waketi pamoja saa moja wakubaliane mambo machache.

Alama ya sawa ndiyo ya kwanza. Wape watoto wa Gredi ya 3 swali hili: 9 + 6 = □ + 8. Wengi wataandika 15 ndani ya kisanduku, na wengine wataongeza "= 23" mwishoni. Wamefundishwa, bila mtu kusema hivyo, kwamba alama hiyo humaanisha "sasa andika jibu". Mtoto huyo anaweza kupita kila mtihani wa kujumlisha hadi Gredi ya 6. Akifika Gredi ya 7, akakutana na 3x + 2 = x + 10, upande wa kulia hauna jibu, na kwake dunia imegeuka. Mwalimu wa aljebra ataeleza "kuhamisha upande wa pili, badilisha alama", naye atakariri, kisha atakosea kwa njia ambazo hakuna anayezielewa.

Dawa yake iko Gredi ya 1 na ni nafuu. Andikeni hesabu zikiwa zimegeuzwa mara kwa mara: 7 = 3 + 4. Andikeni 5 + 2 = 4 + 3 na muulize kama ni kweli au si kweli. Tengenezeni mizani kwa henga ya nguo na mifuko miwili, na vifuniko vya soda viwe mawe ya mizani. Soma alama hiyo "ni sawa na", usiisome "jibu ni". Na katika madarasa yote tisa mpigeni marufuku mwalimu, si mtoto, kuandika ubaoni mnyororo wa aina ya 5 + 3 = 8 × 2 = 16. Huo ni uongo, kwani 5 + 3 si 16, na sote tumewahi kuuandika tukiwa na haraka.

Baada ya hapo, kubalianeni juu ya kutoa. Mmoja akifundisha "kukopa" na mwingine "kubadilisha kumi moja kuwa mamoja kumi", mtoto atadhani ni hesabu mbili. Kubalianeni pia 3 × 4 mtaichora vipi: safu 3 za vitu 4, au 4 za 3? Chagueni moja kwa madarasa ya chini. Kugeuza kuje baadaye kama ugunduzi. Nairobi, watoto wengi huanza hesabu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, kisha Gredi ya 4 wanaingia Kiingereza moja kwa moja. Picha ikiwa ileile, lugha ikibadilika mtoto ana mahali pa kushika. Picha ikibadilika pamoja na lugha, mnampoteza.

Ukanda wa sentimita 24

Ninaueleza kwa kirefu kwa sababu mnyororo wa akisami ndio unaokatika mara nyingi, na kwa sababu kifaa hiki kinaweza kusafiri kutoka Gredi ya 3 hadi ya 8.

Chukua karatasi ya A4, ikate kwa urefu kuwa vipande vyembamba, kisha kila kipande ukifupishe kiwe sentimita 24 kamili. Kwa nini 24? Inagawanyika vizuri kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12. Nusu ni sentimita 12, thuluthi 8, robo 6, sudusi 4, thumuni 3. Mtoto hupata kanda sita za rangi tofauti, moja nzima na tano zilizokunjwa. Kwa darasa la 60 wape wawili wawili seti moja, ziwekwe kwenye bahasha yenye majina.

Wiki ya kwanza ni kukunja na kulinganisha tu. Ipi ndefu, robo au thuluthi? Watoto waliozoea nambari nzima husema robo, kwa kuwa 4 ni zaidi ya 3. Waache wakunje. Wiki hiyohiyo, chora mstari wa nambari ubaoni wenye 0, 1, 2 na 3, kila hatua iwe urefu wa ukanda mmoja, na waje kuweka alama: 1/4 iko hapa, 3/4 hapa, 5/4 iko wapi? Swali la 5/4 msiliruke. Mtoto anayejua akisami kama kipande cha duara lililopakwa rangi atakwambia haiwezekani, "utatoa wapi vipande vitano na duara lina vinne?" Kwenye mstari anapita 1 na kusonga mbele kipande kimoja zaidi, basi.

Wiki ya pili, akisami zilizo sawa. Nusu moja inalala sambamba na robo mbili, na sudusi tatu, na thumuni nne. Waandike orodha wenyewe kabla hujawapa kanuni ya kuzidisha juu na chini.

Kujumlisha akisami zenye nambari ya chini moja hakutachukua muda. Kisha rudi kwenye 1/2 + 1/3. Waweke ukanda wa nusu na wa thuluthi mwisho kwa mwanzo: sentimita 12 na 8 ni 20. Ukanda gani utapima 20 bila kubakisha? Sio robo, kwani 6 haiingii kamili. Sudusi inaingia mara tano. Jibu ni 5/6, na mtoto ameona kwa nini tulihitaji kubadilisha zote ziwe sudusi. Sasa ndipo utafute kigawe kidogo cha shirika kwa kalamu. Mkianza na kigawe, mmeanzia mwisho.

Kwa khumusi na ushuri, 24 haifai. Kateni ukanda wa pili wa sentimita 20. Ushuri wake ni sentimita 2, na hapo mmeingia desimali bila kelele.

Ukanda haustaafu Gredi ya 6. Matatu ya viti 14 ina viti vilivyo wazi 2/7, vingapi? Chora ukanda, ugawe mara saba, kila sehemu viti 2, jibu 4. Uwiano ni ukanda huohuo. Fundi anachanganya saruji, mchanga na kokoto kwa 1:2:4 na anataka karai 28 kwa jumla: sehemu 7, kila sehemu karai 4, basi 4, 8 na 16. Mwanafunzi wa Gredi ya 8 aliyezoea kuchora sehemu hizo hatahitaji kukariri kanuni yoyote ya uwiano.

Mitihani iuheshimu mpango

Hapa mpango mzuri huuawa. Shule hununua karatasi za mitihani kutoka kwa wauzaji, na karatasi hizo hugusa kila mada kwa usawa, tena kwa mpangilio wao. Mwalimu aliyetumia wiki tatu kwenye akisami anaona watoto wake wanaulizwa ujazo ambao hajaufikia, wastani unashuka, na muhula unaofuata anarudia mwendo wa zamani. Naibu wa masomo, hili ni lako: ama mtunge wenyewe mtihani wa katikati ya muhula, au mfute maswali ambayo hayajafundishwa kabla ya kusahihisha.

Kila baada ya wiki mbili toa maswali matano tu. Mawili ya mhimili wa sasa, mawili ya mhimili wa mwaka jana, moja linalounganisha yote mawili. Usijumlishe alama. Panga makaratasi kwa mafungu kulingana na aina ya kosa, na utumie kimojawapo cha vile vipindi 6 visivyo na jina kwa fungu kubwa kuliko yote.

Wazazi watauliza kuhusu KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, na wana haki, kwa sababu inachangia asilimia 20 katika kumpangia mtoto sekondari ya juu. Tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zina 20, na KJSEA ya Gredi ya 9 ina 60. Waonyeshe jedwali la manila kwenye mkutano. Mzazi anayefanya biashara Gikomba au Marikiti anaelewa upesi kwamba asilimia na uwiano ni vya kukaziwa kuliko kukariri majina ya maumbo. Onyo: msifanye Gredi ya 6 yote kuwa mazoezi ya kuchagua A, B, C au D. Mtoto anayechagua haonyeshi kazi yake, nawe huoni 2/5 ilitoka wapi.

Ukurasa mmoja wa kukabidhiana

Mwezi Oktoba, kila mwalimu aandike ukurasa mmoja kwa atakayepokea darasa: mihimili mitatu, picha zilizotumika, nani hajafika na amekwama wapi hasa. "Dhaifu katika hisabati" hairuhusiwi. "Anazidisha vizuri lakini hawezi kuweka 5/4 kwenye mstari" ndiyo inayosaidia. Mwalimu anayepokea asome mbele ya aliyeandika, wakiwa wamekaa, dakika kumi zinatosha.

Nairobi ina tatizo la ziada: watoto huhama. Kodi ikipanda Kayole, familia inaenda Ruai katikati ya muhula, na mtoto anaingia darasani kwako bila ukurasa wowote. Wekeni ofisini kadi ya maswali manane yaliyopangwa kwa mfuatano wa mihimili: makumi na mamoja, kisanduku cha alama ya sawa, safu za kuzidisha, mstatili wa 13 kwa 14, 5/4 kwenye mstari, 1/2 + 1/3, 3.4 na 3.12, karai za fundi. Kwa mtoto wa Gredi ya 4 ishieni kwenye swali la tano. Afanye siku ya kwanza, mwalimu akiwa ameketi karibu naye, bila alama na bila kumlinganisha na mtu. Atakapokwama ndipo pa kuanzia naye, dakika tano kabla ya kipindi kwa wiki kadhaa, huku akiendelea na wenzake katika darasa lake.